Serikali Moja na Mlango wa Kutokea

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena. Nimepiga pasi ya makaa, sketi za shule nilizoshona, mpaka macho yanawasha. Furaha anapika sombe, majani ya muhogo, huku anasoma hotuba yake kwa sauti. Wiki ijayo wana mdahalo chuoni Kyambogo: dunia nzima iwe chini ya serikali moja au isiwe? Binti yangu anasema iwe. Mipaka ife, mkimbizi asiwepo, kadi zetu za ukimbizi tuzitupe. Nikamuuliza, na hiyo serikali moja ikigeuka mbaya, tutakimbilia wapi? Akacheka. Eti hakutakuwa na haja ya kukimbia. Maneno hayo niliyasikia Bukavu, kwenye kipaza sauti juu ya gari la wanajeshi. Mwezi haukuisha, tukatoka na nguo za mwilini.

Sipendi kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Kijana kaja kushonesha suruali. Jina lake Opio. Mtu wa Uganda, lakini Kiswahili kimenyooka. Hapa Kisenyi Kiswahili ni chetu sisi wa kuja: Wakongo, Wakenya, Wasomali. Mwenyeji ukimsemesha anakurudishia Kiluganda. Akikujibu Kiswahili safi, amekitoa kambini, kwa askari. Nani asiyejua hilo?

Kisha akauliza kama ni mimi mwenye binti anayesoma Kyambogo. Sindano ikanichoma. Nilipompima kiuno nilipapasa vizuri. Hana bastola. Hiyo si kitu, wapelelezi wengine hawapewi.

Ijumaa, 7 Machi

Karudi. Nikamwambia suruali bado. Akakaa kwenye benchi, katikati ya mlango. Mimi hukaa karibu na mlango siku zote, hata kanisani, na leo nilizibiwa njia. Akauliza Bukavu tuliondoka lini. Akauliza kama Furaha anaamini kweli hayo ya serikali moja. Viatu vinang'aa kama vya gwaride.

Nikadanganya. Nikasema msichana anasoma tu alichoandikiwa na walimu. Nikaongeza kwamba ana mchumba Goma, mahari imeshapokelewa, akimaliza chuo anaenda kwa mumewe. Nilitaka waliomtuma waone ni mtu wa kuondoka, wamfute kwenye mambo yao. Kijana akainama. Akasema, "Sawa, mzee." Suruali hata hakuiulizia.

Nimemweza. Leo nitalala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkataza Furaha kusimama kwenye mdahalo. Sababu sikumpa, asije akaogopa. Amekataa. Kichwa cha marehemu mama yake kabisa.

Nilimnong'oneza Mama Chebet, Mkenya anayeuza chai hapa jirani. Kwanza akasema serikali moja ije hata kesho, wale wa forodha Malaba wamemchosha. Halafu akasema kijana wa viatu vile hapelelezi, anatafuta mke. Nikamwambia aangalie mandazi yake yasiungue.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike tu.

Jana nilienda Kyambogo. Nikakaa nyuma, mlangoni. Furaha alisema vizuri, nilijisikia baba. Akasimama wa kumpinga. Opio! Mwanafunzi. Akasema hata nyumba nzuri huhitaji mlango wa kutokea. Akauliza, serikali moja ikigeuka mbaya, watu watakimbilia wapi? Maneno yangu yaleyale. Ukumbi ukapiga makofi. Furaha akamtazama muda wote. Opio hakumtazama hata mara moja.

Nyumbani Furaha hakulia. Aliuliza tu:

"Papa, ni nani huyo mume wangu wa Goma?"

Kumbe wanapendana. Baba wa Opio ni polisi, kijana kakulia kambini Naguru, na kule Kiswahili ndicho cha nyumbani. Furaha ndiye aliyemtuma ashoneshe suruali kwangu, nimzoee kabla wazee wake hawajaja kuposa. Lile swali langu la kukimbilia wapi, yeye ndiye aliyempa. Baada ya mdahalo Opio alimtupia hayo ya mahari ya Goma, akaondoka; anaamini alichezewa. Simu hapokei.

Mjinga mimi. Mjinga mkubwa.

Jumapili, 16 Machi

Furaha amenipakulia, akaenda kula chumbani. Hotuba hasomi tena. Mimi ndiye niliyemfanyia hivi, wala si serikali yoyote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemaliza suruali ya Opio. Nimeshona vibaya, mawazo hayapo. Kuipeleka ni kupanda Naguru, kwenye kambi ya polisi. Mimi, ambaye nikiona sare navuka barabara.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda. Getini nilipita mara mbili bila kuingia. Askari akauliza naenda kwa nani, nikainua suruali juu kama mtu anayesalimu amri. Akacheka, akanielekeza.

Opio alikuwa anafua nguo. Nikasema kabla hajanisalimia: "Hakuna mume Goma. Nilidanganya. Nilidhani umetumwa."

Alikamua shati alilokuwa nalo, akalianika. Kisha akaenda kuniletea kiti. Baba yake akatoka amevaa fulana na soksi, akaitisha chai. Nikamuuliza afande, hii serikali moja anaionaje? Akasema hapana. Sasa hivi wakimhamisha wanamtupa Karamoja, mwisho wa nchi. Dunia ikiwa moja watamtupa kwenye theluji. Nilicheka, ndani ya kambi ya polisi. Lakini chai niliinywa baada ya yeye kuinywa.

Jumapili, 23 Machi

Opio amekuja kula, kavaa suruali. Mguu mmoja umezidi. Furaha amempakulia sombe nyingi mno, kisha wakaanza tena: iwe, isiwe. Kila mmoja na lake. Mimi nilikuwa mahali pangu, karibu na mlango. Opio alitazama kiti changu, akautazama mlango, akasogeza kiti chake pembeni ili njia ibaki wazi. Akaendelea kubishana na binti yangu.

Kesho nitampunguzia ule mguu.