Chumba cha Mama Kimepata Mtu

Nyumbani,
Jumapili jioni, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, umevua viatu, miguu inapumzika baada ya zamu yako ya hospitali. Hujambo lakini? Shemeji naye hajambo? Na wanangu, Mkorofi na mdogo wake, wameizoea baridi ya huko? Sisi huku tu wazima. Goti langu ni lile lile, likinuna mvua hunyesha, nami nimeacha kulitafutia dawa kwa sababu linasema kweli kuliko redio.

Uliniuliza kama kile kikundi chetu cha kujitolea bado kipo au kimekufa kama vingine. Kipo, Dada. Mwalimu mstaafu ndiye mwenyekiti, mama wa duka la dawa ni mhazini, na mimi, fundi wa nguo, ni sindano yao. Hatulipwi wala hatuna ofisi. Tunawachukua watoto wa vijiji vya mbali waliofaulu lakini hawana namna ya kwenda sekondari, tunawahangaikia ada na sare, na siku za masomo wanalala kwenye vyumba tulivyopanga karibu na shule. Kila Jumamosi mwalimu anawafundisha hesabu hapa kwangu barazani, nami nakunja mapindo ya sketi. Naacha pindo refu, maana watoto hawa wanakua kama uyoga.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua.

Tunaye binti mmoja wa kidato cha pili, tumempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Anauliza mpaka mwalimu anavua miwani. Basi baada ya likizo wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Tukangoja. Jumamosi ikapita, na nyingine, baraza ikawa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Mwisho mwalimu akaniambia, "Fundi, twende tukamwangalie. Mtoto wa kike akikawia kurudi shule, usimngoje, mfuate."

Tulipanda basi hadi lilipoishia, kisha tukatembea, goti langu likinitukana njia nzima. Tukamkuta Chiriku uani, anachochea moto, na kando yake bibi yake ameketi kwenye mkeka na uso ameuelekeza mahali ambapo hapakuwa na mtu. Macho yalikuwa yamemwishia. Zamani alikuwa bado anaona kidogo, na mwanawe wa kiume alikuwa akikaa naye, lakini huyo mwana alipata kazi kwingine akahama. Mama yake Chiriku alifariki siku ile ile aliyomzaa. Bibi ndiye aliyemlea binti huyu tangu kitovu.

Mwalimu alikuwa amekuja na hotuba yake, ile ya elimu na maisha, unaijua, alitusomea hata sisi. Hakufika nayo mbali.

"Mimi nimekwisha kumwambia aende," Bibi alisema. "Hasikii. Labda nyinyi atawasikia."

Chiriku hakuinua uso. "Nikienda, nani atamwekea maji? Juzi alijikwaa akaangukia jiko. Muulizeni awaonyeshe mkono."

Bibi akauficha ule mkono chini ya kanga. Dada, kile kitendo tu, cha mama mzima kuficha jeraha kama mtoto aliyevunja kikombe, kilinimaliza. Nikasikia sauti yangu inasema, "Njooni wote wawili. Kwangu kuna chumba."

Bibi aligoma. Alisema yeye si furushi la kubebwa, na kwamba mtu mzima akikaa nyumba ya watu anakuwa mgeni hadi kufa. Nikamwambia sitafuti mgeni, natafuta wa kunisaidia kazi. Akauliza kazi gani kwa kipofu. Nikasema vifungo. Alisugua vidole vyake, halafu akasema, "Vifungo nilikuwa navijua." Chiriku ndiye aliyelia, na alilia kwa kelele kama anavyofanya kila kitu.

Njiani kurudi mwalimu aliniuliza kama nimelifikiria vizuri jambo hili. Nilimwambia nikilifikiria nitaghairi.

Ndiyo, Dada, ni chumba cha Mama. Hakuna kingine. Najua tulikubaliana kisiguswe mpaka uje tukipange pamoja, na nimekuwa nikipita mlangoni pake huu mwaka wa pili bila kushika kitasa. Nilikaa kitandani kwake asubuhi moja kabla hawajahamia, peke yangu, nikalia nilichokuwa sijakilia mazishini. Kisha nikafungua madirisha. Nguo zake zote nimezikunja, hata moja sikumpa mtu, zipo kwenye sanduku chini ya kitanda changu zinakusubiri wewe. Kile kitambaa chake cha kichwani cha bluu nimekiweka juu kabisa, ukifunua tu utakiona.

Mjomba alikasirika. Alikuja na fimbo yake, akasema nimegeuza nyumba ya dada yake kuwa kituo cha mabasi. Nikamwambia aingie amwambie mwenyewe aliyemo. Akaingia. Nilisubiri kusikia makelele, nikasikia kicheko. Kumbe wote wawili walikuwa vijana mwaka ule wa mafuriko, na wanabishana mpaka leo kama maji yalifika madirishani au hayakufika. Sasa anapita kila Ijumaa, anasema amekuja kunisalimia mimi, na mimi hanisalimii.

Mama wa duka la dawa alimpeleka Bibi kwa daktari wa macho. Jicho moja limekwenda, halirudi. La pili lina mtoto wa jicho na wanasema linaweza kupasuliwa, tunangoja zamu yake. Bibi mwenyewe hataki tuliongelee sana. Anasema tumaini ni kama maziwa, ukilikoroga mno linamwagika.

Vifungo anaviweza. Mimi natunga uzi sindanoni, yeye anapapasa tundu na kushona. Shati la kwanza aliruka tundu moja, kijana wetu akaenda shule bega moja juu, moja chini, na alipotuhadithia Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Chiriku amerudi darasani. Jioni anamsomea Bibi historia kwa sauti, na Bibi anagombana na kitabu. Kelele zimerudi, Dada. Nalalamika, lakini usiniamini.

Ukikasirika kwa ajili ya chumba, kasirika, ni haki yako, ila usininyamazie. Lakini kabla hujakasirika nikwambie lililotokea jana. Nilikuwa jikoni, sijaamka vizuri, naosha vikombe. Nikasikia sauti ya mama mtu mzima kutoka chumba kile inaita, "Mwanangu, kumekucha?"

Nikaitika "Abee, Mama," kabla sijakumbuka. Nikasimama pale na kikombe mkononi, maji yanachuruzika. Halafu, Dada, sikujisahihisha. Nikaenda kumfungulia dirisha.

Nisalimie Shemeji, mbusu Mkorofi na mdogo wake hata wakikataa. Mjomba anakusalimu, Chiriku anakusalimu na anauliza theluji ina ladha gani. Bibi anasema hajui sura yako, lakini analala kwenye godoro la mama yako na anakuombea kila anapolala. Mungu akulinde huko ulipo, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye karibu na mbali,

Fundi wako wa nyumbani.