Nimelitaja Jina la Lin Kanisani Molo

Baba,

Hii sijawahi kumwambia mtu: shuleni huwa naandika Grace Wambui tu. Jina lako, Lin, naliacha, ndio wasinicheke.

Huku Molo ukiongea mdomo unatoa moshi kwa baridi. Jana tukimenya viazi, Shosho, mama yake Mama, aliniuliza jina la Lin lilitoka wapi. Nikamsimulia vile wewe hunisimulia: mfalme wa China alimuua mtu, mke wake akakimbia na mimba yake, akajifungulia msituni, na huyo mtoto akapewa jina Lin, yaani msitu.

Shosho akaweka kisu chini. "Kumbe! Hata mimi mama alinizalia msituni, akiwakimbia wazungu. Na mnanyamaza na jina kama hilo?"

Leo kanisani wageni wakaambiwa wasimame, wajitambulishe. Nikabaki nimekaa. Shosho akanidunga kiwiko: "Simama, mtoto wa msitu."

Nikaanza na jina la ukoo, vile kwenu China huanza. "Naitwa Lin Wambui."

Kijana mmoja akacheka. Shosho akamgeukia: "Wacha meno! Hilo jina ni la zamani kuliko hili kanisa." Waumini wote wakapiga makofi, Baba, na mimi sikuinamisha kichwa.

Nasikia hatua za gambuti za Shosho zikija mlangoni. Hii kadi ninayokuandikia nilikuwa nimeifunika na blanketi, asisome vile huwa naliacha jina. Nimeitoa. Acha aone nikiweka sahihi.

Uvae sweta, na usilale kabla hujala.

Mtoto wako,
Lin Wambui