Dereva wa Pili Alikuwa Nje Anasikiliza Mpira

Mwita mwanangu,

Nimeiwasha ile mashine yako. Najua ungecheka, kwa jinsi nilivyoisema vibaya miaka miwili mizima, lakini nimeiwasha Jumapili sita mfululizo, na leo nimekaa hapa mezani kwako kukuandikia niliyoyaona. Miezi minane ilikuwa imefunikwa kwa kitenge cha mama yako. Kila nilipopita mlangoni nilikikwepa kile kitenge kama mtu anavyomkwepa jirani aliyegombana naye.

Sikuiwasha ili nicheze. Nilitaka kujua jambo moja tu. Ile Jumamosi uliponiita kutoka humu chumbani, “Tata, njoo unipokee,” ulikuwa unaniita kwenye mchezo, au uliniita kwa sababu ulijisikia unaanguka?

Neno hilo ndilo linaloniua. Mimi na mwenzangu Chacha tulipokezana usukani wa basi kutoka Sirari mpaka Dar es Salaam miaka kumi na saba. Macho yakianza kuwa mazito unamwambia mwenzako, “Nipokee,” naye anaamka, anakaa, hakuna maelezo. Ulilisikia neno hilo kwangu tangu hujaanza shule. Lakini ulipofika kidato cha pili, kifafa kilipoanza kukuangusha, likapata kazi nyingine humu ndani. Mama yako alikuwa akikuona umekodoa macho na vidole vimeanza kucheza, anapiga kelele, “Mpokeeni!” Yeyote aliye karibu alikimbia akudake kabla hujafika chini au kwenye mafiga. Siku ile uliponiita, nilichagua ile maana iliyonifaa mimi.

Nilikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, nasikiliza mpira redioni. Nilikujibu, “Ngoja kwanza, mura, wanakaribia mapumziko.” Hukusema kitu tena. Mapumziko yalipofika nikanawa uso, nikaja na utani wangu tayari mdomoni. Ulikuwa kifudifudi kati ya meza na kitanda, na kioo cha kompyuta kilikuwa bado kinawaka. Sikukitazama.

Tulikuzika Kenyamonta, karibu na babu yako. Nesi wa zahanati, yule dada wa Mbeya aliyekuwa anakupa dawa, aliniambia kwamba hata ningefika papo hapo huenda hali isingebadilika. Aliniambia kwa upole, na nilimshukuru, lakini niliona jinsi alivyolishika lile “huenda” kwa uangalifu. Mama yako yeye hakuwa na huenda. Kila nilipoanza kujisema, alinikatiza. “Baba Mwita, alikuwa anakuita mchezoni. Si kila siku alikuwa anakuita hivyohivyo? Acha kujitafuna.” Nililishika neno lake kwa mikono miwili, nami sikuliamini hata siku moja.

Kweli ulikuwa unaniita kila siku. Nakumbuka jioni ulipoleta ule usukani wa kuchezea kutoka Sirari, umeufunga kwenye mfuko wa salfeti, umeukumbatia kama mtoto. Ukaubana kwenye ukingo wa meza kwa skrubu mbili, ukapanga pedeli chini, ukaniita nione. Nilisimama mlangoni.

“Mbio za wapi hizi?”

“Za masaa mengi, Tata. Sita, kumi na mbili, hata ishirini na nne. Gari moja, madereva wawili au watatu. Mnapokezana, kama wewe na Chacha.”

“Na mnafika wapi?”

“Hatufiki popote. Tunazunguka.”

“Hata ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi anazunguka,” nikasema, nikaenda zangu kula. Nyuma yangu nilikusikia unacheka, ukasema, “Nikichoka nitakuita unipokee, mzee.” Ukaita, na ukaita. Mimi nilikuwa na kesho zangu nyingi.

Ulikuwa unajua kuendesha, hilo hatukulisema tena tangu ulipougua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu nilipokukalisha kwenye pikapu ya baba yako mkubwa kule Kenyamonta, kwenye uwanja wa malisho baada ya mvua, na ukaizungusha mara nne bila kuizima. Ulikuwa na mikono mitulivu kuliko yangu. Mwaka uliofuata ndipo ulipoanguka darasani, na daktari akasema leseni usahau. Nikakunyang'anya ufunguo ambao ulikuwa umeushika tu, gari limezimwa, umekaa kwenye kiti unasikiliza redio. Sikukueleza. Nilinyoosha mkono ukanipa, ukashuka. Ulikuwa mtoto msikivu mno, na nadhani mimi niliutumia vibaya usikivu wako.

Sasa nikwambie kuhusu mchezo. Mle ndani kuna mbio zako za mwisho, zimehifadhiwa pale ulipoziachia. Uliwahi kunieleza kwamba mchezo hujihifadhi wenyewe kila gari linapoingia piti, pale pembeni wanapojaza mafuta, wanapobadilisha matairi na madereva. Nikawaza hivi: nikilikuta gari lako limeingia piti kwa wakati wake, mafuta yameisha, basi ulikuwa unaniita mchezoni. Nikilikuta limeingia kabla ya wakati, basi nilimwacha mwanangu afe ili nisikie mpira. Lakini mimi ni mtu wa basi. Sikujua hata wakati wake ni upi. Ilibidi nijifunze kwanza, na daftari lako la kwenye droo ndilo lililonifundisha, kwa mwandiko wako: bonyeza hapa, chagua hapa, tangi moja mizunguko thelathini.

Jumapili ya kwanza niliaibika. Miaka kumi na saba sijamwaga abiria hata mmoja, lakini kona ya kwanza tu niliupiga ukuta mara tatu. Macho yanakwambia unakimbia, tumbo linakwambia umekaa. Breki ukiikanyaga huisikii mgongoni, wala huisikii harufu yake, na mimi breki nimezijua kwa pua. Nilikuwa nadhani usukani ule ni kidude cha watoto. Ulinivuta mkono mpaka bega likauma. Ukigusa ukingo wa lami unatetemeka mkononi kama gari bovu. Nilianza kuuheshimu kabla sijaupenda.

Kisha kuna zile gari nyingine. Hukuniambia kwamba kwenye barabara moja wanawekwa wenye kasi na wasio na kasi, wote pamoja, na kwamba gari lako lilikuwa la wale wa taratibu. Nikiwa natambaa mzunguko wa pili, likaja lidude limebonyea kama bati lililokanyagwa, likaniwashia taa, pa-pa-pa. Unajua nilifanya nini? Nilipunguza mpaka hamsini, nikakaa upande wangu, nikawa natafuta trafiki amejificha wapi. Nilinyoosha na mkono kumshukuru. Akaja wa pili, naye akawasha, nikazidi kupunguza. Niliwaona watu wema sana. Ilinichukua nusu saa kuelewa kwamba walikuwa wananiambia nitoke njiani. Nilicheka peke yangu humu ndani, halafu nikageuka kukutafuta ili nikusimulie.

Jumapili ya tatu ndipo nilipoelewa kwa nini uliupenda. Si mbio zile. Wale wanaokimbia sana mwanzo wanamaliza matairi, wanamaliza mafuta, wanaingia piti mara kwa mara wakati wewe unapita tu na mwendo wako. Kazi yote ni kulitunza gari na kujitunza mwenyewe, kufanya kitu kilekile sawasawa kwa muda mrefu mpaka mwenzako aje. Hiyo ni kazi yangu, Mwita. Hayo niliyafanya Shinyanga, Singida, Dodoma, kila wiki. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwako miaka miwili nikiicheka kazi yangu mwenyewe.

Na siku hiyohiyo niliona orodha ya madereva wa gari lako. Niliifungua kwa bahati, nikitafuta kitu kingine. Dereva wa kwanza: Mwita. Dereva wa pili: Tata. Uliniandikisha tangu siku ya kwanza ulipoleta usukani, tarehe ipo pale. Kwenye safu ya muda niliokwisha kuendesha kuna sifuri tupu. Mbio zako zote ulijipokea mwenyewe. Niliizima mashine, nikatoka nje, nikasimama tu kwenye ukuta wa choo kama mtu aliyesahau alichofuata.

Jumapili hii iliyopita niliona sasa naweza kusoma. Mama yako alikuwa ametoka kanisani, alikuwa uani. Nilifunga mlango nikafungua mbio zako.

Gari lilikuwa piti, limesimama sawasawa ndani ya mistari. Halina mkwaruzo. Nilipoliona hivyo moyo ulipanda, nikwambie kweli, nikasema Mungu mkubwa, alikuwa anacheza tu. Katikati ya kioo kulikuwa na jina langu linawaka na kuzima: Tata, bonyeza kupokea gari.

Kisha nikatazama mafuta. Tangi lilikuwa na mafuta ya mizunguko kumi na moja zaidi. Matairi hayajafika hata nusu. Mzunguko wa kumi na tisa. Hakuna dereva anayeingia wakati huo, na wewe kuliko wote. Nikafungua muda wa kila mzunguko. Dakika mbili na sekunde nne, mbili na nne, mbili na tano, mbili na nne. Mkono mtulivu, ule wa Kenyamonta. Mzunguko wa kumi na saba, dakika mbili na sekunde tisa. Wa kumi na nane, mbili na ishirini na sita. Wa kumi na tisa, dakika tatu kasoro.

Nimekaa kando ya madereva waliochoka maisha yangu yote. Aliyechoka anapoteza muda kidogo kidogo, huku anakukatalia kwamba hajachoka. Wewe ulipoteza ghafla. Vidole vilianza kucheza mzunguko wa kumi na saba, na ukatumia dakika ngapi sijui za akili yako njema kulileta gari lisigonge mtu, uliingize kwenye mistari, ulisimamishe. Ndipo ukaniita. Mwanangu, kwa nini hukuliacha ligonge? Ni picha tu. Ungeruka kutoka kitini, ungekuja uani, ungeniangukia miguuni na redio yangu. Wewe ukamaliza kazi kwanza. Hasira niliyokuwa nayo kwako wakati ule, na mapenzi, sikuweza kuvitenganisha, na sikutaka.

Sikubonyeza kupokea. Nilitoka.

Mama yako alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba alikuwa sahihi, mchezo tu, yaishe. Aliinua macho akanitazama mara moja, akayarudisha kwenye ungo.

“Alikuwa anaanguka,” alisema.

Haikuwa swali. Nikamuuliza amejuaje.

“Nilikuwa jikoni, Baba Mwita. Nami nilimsikia. Mtoto niliyemzaa nisiijue sauti yake?”

“Ulijua siku ileile?”

“Siku ileile.”

“Sasa mbona hukwenda?”

Alitoa punje moja mbovu, akaitupa, akatafuta nyingine.

“Nilisikia sauti yako unamjibu,” alisema. “Nikajua umekwenda.”

Kwa hiyo miezi minane yote, Mwita, mwanamke huyu alikuwa ananibembeleza na “mchezo tu” huku mwenyewe akijua. Alinipa mimi faraja ambayo yeye hakuwa nayo. Akifungua mdomo aniambie ukweli, ilimbidi aseme na la kwake. Mimi nilikuwa naliona kosa langu peke yangu, nalikumbatia, kumbe usiku na mchana nililala na kula karibu na mwenzangu mwenye lake hilohilo. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikauvuta ungo ukawa kati yetu, tukachambua maharage yote. Tulipomaliza alilia, nami nikalia, saa nane mchana, majirani wakituona.

Sitakuomba msamaha kwa barua, kwa sababu huwezi kunijibu, na mimi sitaki kujijibia. Nakuandikia ili tu usije ukawa unadhani, huko uliko, kwamba uliita kwa sauti ndogo, au kwamba mlango ulikuwa umefungwa, au upepo ulichukua maneno. Uliita vizuri. Tulikusikia, mwanangu. Sote wawili tulikusikia.

Tata wako