Daftari Alilochukua Mama Nyamisi

Mama,

Nakuandikia hapa sokoni Mwigobero, nyuma ya meza yangu ya dagaa. Mvua imefukuza wateja. Tangu tukuzike kule Butiama, mihogo yako imeshavunwa, kaka Magoti amehamia nyumbani na mke wake, na mimi nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Hata padri akinipa pole, namwangalia mdomo.

Nilianza na rafiki yako. Siku ya mazishi, watu wakiwa nje wanakula, nilimwona Mama Nyamisi anatoka chumbani kwako. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitenge chake. Akapita upande wa jikoni, akaondoka bila kuaga. Baadaye nikatafuta daftari lako la sala, sikuliona. Nikasema, ndiye huyu.

Kwa nini nisimshuku? Kila Alhamisi ulikuwa unapanda gari kwenda kusali kwake Kabasa, kule Bunda. Ukirudi tunakuuliza huo uvimbe utapasuliwa lini, unajibu, "Mungu ameshaniambia nitapona. Niacheni." Na macho unayapeleka pembeni. Nikaamini yule mama ndiye aliyekujaza maneno, akakuzuia usipasuliwe, halafu akaiba daftari tusijue.

Mungu naye nikamshuku. Kama alikuambia utapona, alisema uongo. Kama hakukuambia, aliwezaje kunyamaza akiona unadanganywa? Nikaacha kusali. Jumapili nikawa naanika dagaa.

Mwezi jana nikaenda Kabasa. Hata hodi sikupiga vizuri. "Nipe daftari la mama," nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni.

Hakushtuka. "Ingia ukae, Wegesa mwanangu. Nilijua utakuja." Akalitoa kabatini. "Aliniambia nije nilichukue akishakufa, nilichome. Nimeshindwa."

Mama, nilisoma nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, sijavua hata viatu. Unabii hamna mle. Kuna tarehe, na chini ya kila tarehe maneno machache. "Leo tena kimya." "Nimeomba, sijasikia kitu." Siku nyingine umeandika neno moja tu: "Upo?" Na kwenye ukurasa mmoja umeandika kwamba daktari amesema kupasua hakusaidii tena, na watoto wasijue.

"Kwa hiyo mama alitudanganya?" nikamuuliza.

"Aliwaonea huruma. Mimi nilimkatalia asiwafiche, tukagombana."

"Na wewe, Mungu alikuwa anakujibu?" Nilitaka nimnase.

"Nilikuwaga simsikii, tangu baba Nyamisi afariki. Mama yako alijua. Tulikuwa tunasindikizana tu. Yeye akishindwa kupiga magoti, napiga mimi kwa niaba yake."

Nilitafuta uongo usoni kwake, nikaukosa. Nililia mpaka akaniletea maji ninawe.

Bado nina hasira na wewe. Ungeniambia, ningefunga hii meza nikaja kukaa na wewe. Ulininyima ile miezi, Mama. Ulifikiri unatubebea mzigo, kumbe...

Basi. Kitu kinachonisumbua ni ukurasa wa mwisho. Mwandiko umepinda, herufi zinapandana. Umeandika, "Kimya. Alhamisi nitarudi." Nimeusoma sijui mara ngapi. Mtu asiyejibiwa anarudi kwa nani? Ulikuwa na sababu gani ambayo hukuiandika? Hata wewe sasa nakushuku, kwamba ulijua kitu.

Magoti nimemwonyesha lile daftari. Alisoma, akatoka nje, akakaa kwenye kaburi lako mpaka mke wake akamfuata. Hatujaliongelea tena.

Nakuahidi jambo moja. Binti yangu akiniuliza kama Mungu ananijibu, sitamwambia kitu ambacho sijakisikia. Nikiumwa, atajua ninaumwa. Lakini nitamwambia pia kwamba bibi yake alirudi, na alirudi akiwa hajajibiwa.

Jumapili iliyopita niliingia kanisani kule Makoko. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Watu waliimba, mimi sikuimba. Nilisubiri. Hakuna aliyesema na mimi neno lolote. Misa ilipoisha nilibaki nimekaa, nikamwambia Mungu, "Bado nakushuku."

Ndiyo sala yangu ya kwanza tangu ufe.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Wegesa