Mashine Haina Mkono

Salgaa, 14 Aprili 2007

Kwako mtoto wangu Cherop,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku tuko wazima, ni magoti tu yananisumbua. Na wewe, unakula? Baridi ya Nairobi asubuhi usiitokee bila sweta.

Naandika sababu simu ni ya jirani na sitaki asikie. Ile mashine kampuni yenu iliuzia chama chetu cha maziwa ilifika. Siku ya kuifungua tuliambiwa ina akili kama mtu, haichoki, haidanganywi, itashika wote wanaoweka maji. Tukapiga makofi. Mimi nikapiga zaidi, nikaambia wamama, "Msichana wangu anafanya kazi na hao watu!"

Sasa Cherop, imenishika mimi. Mara mbili. Taa nyekundu, halafu karatasi inatoka: "Maziwa yana maji." Mzee Nderitu, aliyekuwa anatupimia miaka yote, siku hizi anafagia. Ikifika mara ya tatu, mwenyekiti Kipkemei atasoma jina langu mbele ya watu anitoe kwa chama. Na unajua kwetu mtu wa kuchezea maziwa anaonekana aje.

Mimi huyu, ninayefika wa kwanza kila siku, povu bado iko juu ya mkebe! Iulize nimeikosea nini.

Ni mimi mama yako.

Nairobi, 23 Aprili 2007

Mama mpendwa,

Pole kwa magoti. Mimi ni mzima, nakula, na sweta iko.

Nimemuuliza bosi wangu, Pranav. Anasema mashine ilifundishwa kwa maziwa mengi sana, kutoka kwa matangi baridi ya shamba kubwa, na haijawahi kukosea. Mama, namba za hayo maziwa niliziingiza kwa mashine mimi mwenyewe. Mashine haina sababu ya kudanganya. Labda ulisahau maji ya kuoshea ndani ya mkebe? Angalia tu, tafadhali.

Binti yako.

Nairobi, 15 Mei 2007

Mama,

Hujambo? Wiki tatu hujaniandikia. Nimepiga kwa jirani, anasema uko, lakini hutaki kuja kwa simu. Nimesoma tena barua niliyokutumia na nimeona nilichokuuliza. Nimeona haya. Hata ukinigombeza, niandikie.

Binti yako.

Salgaa, 22 Mei 2007

Cherop mtoto wangu,

Nakusalimu na moyo mweupe. Nilikasirika, siwezi kuficha. Nililia, nikaosha ule mkebe mara tano, nikauinamisha kwa jua kama mjinga. Wiki mbili sikupeleka maziwa, niliwapa ndama na majirani.

Halafu Jumatatu ya wiki iliyopita nikasema potelea mbali, napeleka. Asubuhi hiyo ng'ombe akakata kamba baada ya kukamuliwa, nikamfukuza mpaka karibu na barabara ya malori. Nilifika wa mwisho. Mashine ikawasha kijani! Ng'ombe ni yule yule, mkebe ni ule ule.

Mzee Nderitu akaacha ufagio, akashika mkebe. "Mama Cherop, leo yamepoa." Hapo nikakumbuka. Miaka yote nikifika alikuwa ananiambia, "Weka hapo kwanza yapumue." Nilidhani ni heshima tu, ananipa nafasi nipumzike. Kumbe maziwa ya moto yenye povu ni mepesi, ukipima haraka yanaonekana kama yana maji. Wanaotoka mbali yao hupoa njiani. Mimi niko karibu, naadhibiwa kwa kuwahi.

Basi siku ya mkutano wa wanachama nilikokota ng'ombe mwenyewe mpaka kwa chama. Pranav wako pia alikuja, mwenyekiti alimwita. Nikasema, "Mwenyekiti, kamua wewe, ili nisiguse." Kipkemei akakunja mikono ya shati, akakamua, akaweka kwa mashine. Nyekundu! "Maziwa yana maji." Wamama wakalipuka: "Mwenyekiti mwizi! Soma jina lako!" Hata yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Tukaweka mkebe kwa maji baridi, tukanywa chai, tukarudisha. Kijani. Cherop, vigelegele vilivyolia hapo, madereva wa malori walisimama kuangalia!

Pranav ni mtu mzuri. Alishika mkebe kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hili hatukuifundisha." Nikamwambia, "Utaifundisha aje na haina mkono?" Mzee Nderitu amerudishwa kazini. Sasa anashika kwanza, mashine inafuata. Na jina langu lilisomwa mbele ya watu kweli, Kipkemei akiliomba msamaha.

Wewe nimeshakusamehe. Lakini ukija likizo, utaamka na mimi, ukamue, ushike mkebe yakiwa moto. Halafu utarudi huko uwaambie mashine yenu mwalimu wake ni nani.

Ni mimi mama yako, mwanachama.