Foronya Nne Juu ya Lengalenga

Jumamosi, mwisho wa Septemba. Asubuhi nimeona pumzi yangu hewani, mara ya kwanza tangu majira ya baridi yaliyopita. Mgongo unaniuma kwa maboksi ya wiki nzima kule kazini, ghalani mjini Blaine. Lakini nimeamka na hasira, na hasira inanyoosha mgongo kuliko dawa.

Kipande changu cha shamba kiko nyuma ya kanisa, hapa ugenini, mjini Columbia Heights. Linda, mama wa Kizungu anayesimamia bustani, anataka kila mtu awe ameng'oa mimea yake kufikia Jumamosi ijayo, kabla ya baridi kuingia. Asiyeng'oa, mwakani kipande chake anapewa mwingine.

Mimi si mvivu. Leo nimeng'oa nyanya, nimemaliza maharage, nimepanda vitunguu saumu vya mwakani na kuvifunika kwa majani makavu.

Lengalenga sing'oi.

Ni mchicha wa kwetu, na mbegu zake hazijakauka. Zinataka siku kumi zaidi, jua likikubali. Madukani hapa sijaziona. Alinipa mama mmoja wa kwetu Fizi, naye amekwisha kuhamia jimbo lingine. Nikiing'oa sasa, mwakani tutakula ile mboga ya kwenye mifuko ya plastiki, inayoyeyuka sufuriani kama karatasi.

Linda anasema ni gugu, na mbegu zitapeperukia kwa majirani. Hapo, niseme kweli, hakosei. Mwaka huu zangu ziliota katikati ya stroberi za jirani, nami nikapita kama sijui ni za nani.

Kwa hiyo leo nilibeba foronya nne. Mke wangu alinikuta mlangoni.

"Baba Neema, na sisi vichwa tulaze wapi?"

Nikamwambia alaze kwenye mkono wangu. Akasema afadhali gunia la mchele.

Nimevivalisha vichwa vya lengalenga foronya hizo na kuzifunga kwa kamba za viatu. Hakuna mbegu itakayotoka.

Linda alipoziona alicheka, kisha akaacha kucheka. Binti yetu Neema alikuwapo kunitafsiria. Nilisema maneno mawili tu: "Mwambie sing'oi." Mtoto akasema mengi, na ndani yake nilisikia "tafadhali" mara mbili. Linda akarudia: Jumamosi. Basi nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwamba mbegu haisomi kalenda. Neema akaangalia viatu vyake.

Nimesoma hadi darasa la sita. Kazini napangiwa hata dakika za kwenda chooni, na wiki nzima nasema ndiyo. Leo nimesema hapana, na sijuti.

Huenda nitanyang'anywa kipande. Kitaniuma, maana pale ndipo mahali pekee katika nchi hii ninapoijua kazi kuliko anayenisimamia. Lakini shamba bila mbegu ni udongo wa kanisa tu. Mwenye mbegu anaweza kuanza hata na ndoo kibarazani.

Jumamosi ijayo nitakwenda na kahawa mbili, yangu na ya Linda. Jembe litabaki nyumbani.