Santuri Ulizozipaka Samli

Mpendwa Mama Kabula,

Mwangaluka, mayu; nakuamkia, mama. Zamani nilipokuwa nakuandikia kutoka Mwanza nilianza kwa kukuuliza hali, kisha nakuhakikishia kwamba mimi sijambo, hata kama nina homa. Leo hali yako siwezi kuiuliza. Yangu ni nzuri kiasi. Goti la kushoto linasumbua, mvua zimechelewa, na pamba tumelazimika kuipanda mara mbili. Lakini sikukaa mezani kukuandikia habari za pamba. Kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, nikalikalia miaka yote hiyo, na Jumapili iliyopita limenitoka mbele ya watu. Nimeona vibaya wao walisikie na wewe usiandikiwe.

Kabula amekuja likizo na mashine ya kupigia santuri, ndogo, inafungwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Anasema huko Dar es Salaam wapo vijana waliozirudia santuri, na Ulaya wanazichapa upya zile za zamani, za disko na za ule muziki wa vinanda vya umeme, wanaziuza zikiwa bado kwenye nailoni. Nilicheka. Sisi tulizipata kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezitaka. Kisha akanitolea moja. Ile ya bluu, mama. Jalada ni lilelile: ukuta uleule mweupe, bahari ileile, na yule dada mwenye miwani ya jua aliyegeuza uso. Rangi tu ndiyo imekolea zaidi, maana ya kwetu ilipaukia dirishani.

Unakumbuka nilivyozileta. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Bariadi yameanza kuwa na sabuni za kuchagua, na wanunuzi binafsi wa pamba wanapita vijijini na mizani zao. Kila mtu alikuwa na mpango. Wapo walioleta mitumba, wapo walioleta mashine za kusaga. Mimi, mwanaume mzima mwenye mke na mtoto, nilikwenda Mwanza kununua dawa ya kupulizia pamba nikarudi na mashine ya santuri, amplifaya, spika mbili na sanduku la santuri zenyewe kutoka kwa mwenye duka aliyekuwa anafunga, kwa kuwa wateja wake wote walikuwa wamehamia kwenye kaseti. Ulizitazama santuri, ukaniuliza dawa ya pamba iko wapi. Nikaunganisha mashine kwenye betri ya gari nikakuwekea ile ya bluu.

Inaanza na sauti ya mawimbi, halafu kinanda kinaingia taratibu. Ulisikiliza ukiwa umeshika ufagio, ukasema hiyo ni mvua inayonyesha kwenye bati. Nikakueleza ni bahari. Ukasema bahari hujaiona, ila mvua ya kwenye bati unaijua. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, na nyumba yetu yenyewe ilikuwa ya nyasi. Tangu siku hiyo, kila jua lilipozidi, ulikuwa unaniambia, "Baba Kabula, hebu nipigie ile mvua." Nadhani siku hizo ndizo nilizokupenda kuliko zote. Sikukuambia, kwa sababu nilidhani unaona.

Disko tulilofungua kwa vyombo hivyo lilikuwa la mchana, Jumapili baada ya misa, na kwa msimu mmoja tulikuwa peke yetu mjini. Kisha Mayunga akafungua la kwake, la kaseti, na watu wakataka kujua nani zaidi. Wasukuma sisi hatujui kushindanisha muziki ila kwa namna ya ngoma: uwanja mmoja, pande mbili, mnaanza kwa pamoja, na atakayebakiwa na watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji. Watu wanahukumu kwa miguu, wanahama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako huku unawatazama.

Marehemu baba yako alikuwa manju kule Nkololo, kiongozi wa ngoma tangu ujana wake, na kwake yeye hakuna ngoma iliyoingia uwanjani bila kupakwa dawa ya kuvuta watu. Nilipokwenda kuazima jenereta Migato, ulifunga sanduku la santuri kwenye baiskeli ukampelekea. Rozari ilikuwa shingoni, lakini hilo sikusemi. Baadaye ulinisimulia kwamba mzee aliuliza ngozi ya ngoma yetu ni ipi, ukamtolea santuri. Basi akachanganya mizizi yake na samli, mkakaa wawili mkazipaka moja moja kwa kitambaa, mkizungusha kufuata ile mistari, mpaka zikang'aa. Ukazirudisha kwenye majalada yake na hukuniambia kitu, maana dawa ikitangazwa inapoa. Ile ya bluu haikufika Nkololo. Ilikuwa imebaki juu ya mashine, nyumbani, na kesi yangu yote iko hapo.

Siku ya shindano nilianza na ya bluu. Ilipiga safi, kila kinanda kinasikika. Nusu ya uwanja ilikuwa upande wangu, wamesimama wanamsubiri mwimbaji. Ikapita dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee mmoja akanisogelea akaniuliza kwa upole huyo mwimbaji kakwama wapi. Nikamwambia muziki huu hauna mwimbaji. Akanitazama kwa huruma. Upande wa pili Mayunga alikuwa anapiga bendi zetu, nyimbo zenye maneno ambayo kila mtu anayajua, na vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda. Wakaanza kuniondokea. Kwanza vijana, kisha akina mama, wengine wakinyata ili nisiwaone. Niliwaona wote. Mpaka ya bluu inakwisha nilikuwa nimebaki na watoto na wale waliopenda kivuli cha turubai letu.

Ndipo nikaweka ya pili. Sindano iliteleza kutoka ukingoni hadi katikati, ikatoka na donge. Nikaweka ya tatu, ikawa hivyohivyo. Nikaishika, nikainusa, nikaelewa. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, mama, na nilikuwa nimeshashindwa, na hapo nikaona nimepata pa kutokea. Nikasema, "Mke wangu amezipaka samli santuri zangu. Mnaona wenyewe." Uwanja mzima ulicheka, upande wangu na upande wa Mayunga. Siku ile nzima, ndiyo mara pekee niliyowapata watu wote.

Ulikuwa umesimama katikati ya uwanja, mikono imeshika kitenge. Kesho yake uliziosha santuri zote kwa sabuni na maji ya vuguvugu ukazianika kwenye kichanja cha vyombo, na nyingi zilipona. Wewe ndiye uliyebaki na doa. Mama Samli kisimani, Mama Samli sokoni, Mama Samli hadi kwenye jumuiya ya kanisani, na ulikuwa unaitika. Kabula alirudi kutoka shuleni analia kwamba wanamwita mtoto wa Samli. Ukamwambia samli ni chakula cha wageni wa heshima, anyamaze. Mimi nilikuwa palepale nanoa jembe, nikaendelea kunoa. Disko lilikufa msimu uliofuata, kaseti zikatumaliza, nami kila nilipoulizwa nilisema nilimalizwa na samli. Nilisema hivyo mara nyingi mno, nikawa na mimi naamini siku nyingine.

Sasa Jumapili iliyopita. Kabula aliita majirani, na Mayunga alikuja, siku hizi anatembelea fimbo na amekuwa rafiki yangu kuliko nilivyotaka. Tukakaa uani baada ya chakula. Nikaitoa ya bluu kwenye nailoni yake kwa mikono miwili. Mpya kabisa, haijaguswa na kidole cha mtu. Mawimbi yakaanza, kinanda kikaingia, na nilijisikia kulia, nakwambia kweli, kwa sababu ufagio haukuwepo na mwenye ufagio hayupo. Watu walisikiliza kwa heshima. Ilipofika dakika ya tatu wajukuu wakaondoka kwenda kucheza mpira. Kisha jirani akakumbuka mbuzi zake. Mke wake akamfuata. Muziki ulikuwa haujafika nusu, tukawa tumebaki watatu. Mayunga akacheka, akasema leo samli hamna na watu wameondoka vilevile, basi Mama Samli tulimwonea.

Angeweza kuishia hapo, ulikuwa mzaha tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Hata siku ile hii ilikuwa safi. Haikupakwa. Mlikuwa mmeshaniondokea kabla sijaigusa yenye samli." Akaniuliza kwa nini basi nilisema vile kwenye kipaza sauti. Nikamjibu kwamba niliona aibu. Akaangalia fimbo yake. Watu wa umri wetu hatujazoea kuambiana hivyo.

Alipoondoka, wakati tunakunja waya, Kabula akaniambia kwamba ulikuwa unajua. Siku ile hukusimama katikati ya uwanja kwa bahati. Ulikwenda pale kuwazuia watu, unawaomba warudi kwangu, na sindano ilikuwa haijateleza bado. Alipokuwa msichana mkubwa alikuuliza kwa nini hukujitetea. Ukamjibu, "Mimi akinichukia, kesho atanisamehe. Akizichukia santuri zake, hatazirudia tena."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, silali vizuri. Ulinijua, mayu, ila hapo kwenye kesho ulikosea. Sikukusamehe kesho yake, wala mwaka uliofuata. Nilikaa kama mtu aliyekosewa, nangoja uje, na ukaja. Ile wiki yako ya mwisho, mchana, nakunywesha uji, ulinishika mkono ukasema, "Baba Kabula, unisamehe zile santuri." Nilidhani unaaga. Sasa najua ulikuwa unanipa nafasi ya kusema ukweli, na ulijua hatutapata nyingine. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nilikufuta mdomo, nikakujibu kwamba nimeshakusamehe.

Ukanishukuru.

Lala salama, mke wangu. Ule msamaha nilioutoa, aliyepaswa kuuomba ni mimi.

Mume wako,
Baba Kabula